Kiini Macho Chini ya Mwembe: Ukienda Garsen Likizoni, Nenda na Mchezo Uliopangika

IKIWA ulisomea shule ya msingi hapa Kenya, huenda unaikumbuka siku ile mwalimu mkuu alipotangaza gwarideni kwamba kesho kila mwanafunzi aje na shilingi kadhaa kwa sababu "profesa" wa mazingaombwe angezuru shule. Kesho yake mkaketi sakafuni, magoti kwa magoti, mkamtazama mtu aliyevaa koti la kung'aa akitoa vitambaa mdomoni, akikata kamba na kuiunga, na akimfanya karani wa shule atage yai. Jioni mlipofika nyumbani mlisimulia mpaka chakula kikapoa.

Sasa wewe ni mwanafunzi wa sekondari au wa chuo, au ni mzazi mwenye watoto wanaochoka na simu. Desemba ikifika, jamii nyingi za Mombasa na Nairobi zenye asili ya Mto Tana hupanda basi kwenda kuwaona nyanya na babu huko Garsen, Ngao, Wema, Tarasaa au Kipini. Mgeni wa mjini huulizwa amekuja na nini. Sukari na majani ya chai ni desturi. Mbona usiongeze onyesho dogo la kiini macho, la dakika kumi hivi, chini ya mwembe wa nyumbani?

Usidhani ni jambo la kukurupuka. Wengi hujifunza mchezo mmoja hapa, mwingine pale, kisha huvirusha vyote mbele ya watu kama mtu anayemwaga mfuko wa viazi. Watazamaji hupiga makofi mawili matatu na kurudi kwenye mazungumzo yao. Onyesho zuri lina mwanzo wake, lina katikati yake, na lina mwisho ambao watu wakiuona wanajua mambo yamekwisha. Isitoshe, onyesho la Garsen si onyesho la Nairobi. Huko kuna mambo usipoyafikiria mapema, mchezo wako unaweza kukuletea balaa badala ya makofi. Nitayafikia hayo, kwanza tuanze na mikono.

JUKWAA

Garsen iko kaskazini mwa Malindi, karibu na pale Minjila ambapo barabara hugawanyika, moja ikielekea Lamu na nyingine Hola na Garissa. Ni mji wa joto kali. Mikono yako itatoka jasho, na sarafu yenye jasho hukwama kwenye vidole au huteleza usipotaka. Beba kitambaa kikavu na ukitumie mara kwa mara bila kuficha. Hakuna anayemshuku mtu anayejipangusa jasho Garsen.

Vitabu vingi vya mazingaombwe viliandikwa kwa ajili ya jukwaa lenye pazia, watazamaji wote wakiwa mbele. Kijijini hakuna pazia. Watu watakuzunguka duara, na watoto watapenya mpaka mgongoni mwako. Mchezo wowote unaotegemea mtu asione upande wa nyuma wa mkono wako umekwisha kabla haujaanza. Dawa yake ni rahisi: tandika mkeka wako ukiegemea ukuta wa nyumba au shina nene la mwembe, uketi, na uwaombe watoto wakae mbele chini, wakubwa wasimame nyuma yao. Sema ni kwa ajili ya watoto kuona vizuri. Nao kweli wataona vizuri.

Saa nzuri ni baada ya alasiri, jua likianza kulegea, na umalize mapema kabla ya adhana ya magharibi. Jua likupige usoni. Likiwa nyuma yako, watazamaji watafinya macho na hawataona lolote. Upepo nao usiusahau. Ukiwa unatumia karatasi au manyoya utakimbizana navyo mpaka mtoni. Kwa hivyo chagua vitu vyenye uzito, na hasa vitu ambavyo watu wa hapo wanavijua: sarafu, njiti ya kibiriti, vifuu vya nazi, ndimu. Yule profesa wa koti la kung'aa alikuwa na masanduku yenye rangi, na kila mtu alijua siri imo sandukuni. Kifuu cha nazi hakishukiwi. Kila jikoni kipo.

SARAFU

Mchezo wa kwanza uwe mfupi na usiwe na maneno mengi. Kazi yake ni kuwanyamazisha watu. Chukua sarafu ya shilingi 20, ile iliyotolewa Desemba 2018, yenye picha ya ndovu. Ni kubwa ya kutosha kuonekana na watu wa safu ya nyuma, na huyo ndovu atakupa hadithi ya bure.

Ishike sarafu kwa ncha za kidole gumba na cha kati cha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu. Leta mkono wa kulia kana kwamba unaichukua: kidole gumba kipite chini ya sarafu, vidole vingine juu yake. Mara tu vidole vinapoifunika, iachilie sarafu ianguke polepole kiganjani mwa kushoto. Mkono wa kulia ufumbe ngumi na uondoke kana kwamba umeibeba. Mkono wa kushoto ushuke, ulegee, usifanye chochote.

Hayo ya vidole utayajua kwa siku tatu. Yale ya macho yatakuchukua wiki tatu. Watazamaji hutazama pale unapotazama wewe. Ukiutazama mkono wa kushoto, hata kwa kuiba, umejifichua. Macho yako yafuate ngumi ya kulia, nawe uamini kwamba sarafu imo humo. Njia nzuri ya kujifunza ni kuichukua sarafu kikweli mara kumi mbele ya kioo, ujitazame unavyofanya, kisha mara ya kumi na moja uigize. Siku hizi simu ni bora kuliko kioo. Jirekodi, kisha ujitazame kama unavyomtazama adui.

Hadithi ni hii: ndovu mmoja ameteremka Mto Tana kunywa maji. Fungua ngumi: ndovu hayupo, amezama. Mpate wapi? Watu wa mjini hupenda kuitoa sarafu nyuma ya sikio la mtazamaji. Garsen usifanye hivyo kwa mzee, wala kwa mwanamke usiyehusiana naye. Kichwa cha mtu si meza yako. Itoe kwenye kiwiko chako mwenyewe, au chini ya kifuu. Imetosha. Dakika moja na nusu, na duara lote limenyamaza.

NJITI

Mchezo wa pili ndio unaowaingiza watu ndani. Hapa unahitaji msaidizi, na unahitaji hankachifu yenye upindo mpana ulioshonwa. Kabla hujatoka nyumbani, ingiza njiti moja ya kibiriti ndani ya upindo huo, karibu na pembe. Haionekani. Mbele ya watu, mpe msaidizi kibiriti, atoe njiti yoyote, aikague, ailaze katikati ya hankachifu. Unaikunja hankachifu juu yake, pembe kwa pembe, na katika kukunja unaileta ile pembe yenye njiti ya siri katikati. Mwambie msaidizi aishike njiti kupitia kitambaa. Ataishika ya upindoni, bila kujua. Aivunje. Watu wote waisikie "tik!" Avunje tena. Kisha unakunjua taratibu, na njiti iliyo nzima inadondoka mkekani.

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa watu wanaoanza, kwa sababu kazi yote kaifanya mtazamaji. Yeye ndiye aliyevunja, na vidole vyake mwenyewe ndivyo vinavyotoa ushahidi. Tahadhari ni mbili tu. Beba hankachifu mbili, maana mtu atasema rudia na njiti iliyovunjika bado imo upindoni. Na usiruhusu hankachifu izunguke mikononi mwa watu baadaye. Ipanguse jasho, uitie mfukoni.

Kumchagua msaidizi ni nusu ya mchezo. Usimchukue kijana anayejionyesha; huyo anataka kuwa yeye profesa. Chukua mama mmoja anayecheka kwa urahisi, au mzee mwenye hadhi asiye na haraka. Ukiwa mbele ya mzee, mwombe kwa heshima: "Babu, naomba mkono wako unisaidie kidogo." Mtoto mtundu anayepiga kelele "Nimeona! Nimeona!" usimfukuze. Mpe kazi. Mwambie yeye ndiye askari wa vifuu, asimruhusu mtu kuvigusa. Utaona anavyowanyamazisha wenzake.

Hapa pana jambo la kusema waziwazi. Delta ya Tana ni nyumba ya Wapokomo wakulima, Waorma na Wardei wafugaji, Wagiriama, na wengine wengi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya eneo hilo, na waliofiwa bado wapo. Mchezo wako ukimfanya mtu wa jamii moja achekwe na watu wa jamii nyingine, hujafanya mzaha. Chukua wasaidizi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na mwenye kuchekwa awe wewe. Hadithi ya ng'ombe aliyeingia shambani mwa mtu iache Nairobi. Huko si hadithi ya kuchekesha.

VIFUU

Mchezo wa tatu ndio mkubwa, na ndio uliokula miaka mingi duniani. Warumi waliujua; mwanafalsafa Seneca aliutaja mchezo wa vikombe na vijiwe katika barua zake takriban miaka 2,000 iliyopita. Wewe utautumia kwa vifuu vya nazi.

Tafuta vifuu vitatu vinavyolingana, ambavyo vikipachikwa kimoja ndani ya kingine vinaacha nafasi ndogo kati yao. Visugue kwa msasa nje na ndani mpaka viwe laini, na tako la kila kifuu ulisugue zaidi mpaka liwe bapa, kwa sababu kitu kitawekwa juu yake na hakitakiwi kubiringika. Tengeneza vigololi vinne vya kitambaa, vidogo, vinavyofanana kabisa. Watazamaji wataviona vitatu. Cha nne ndicho mwenzio wa siri.

Tandaza leso juu ya mkeka ili vigololi visilie wala kukimbia. Vifuu umevipachika, midomo juu, na kigololi cha siri kimo ndani ya kifuu cha kati. Vingine vitatu viko wazi juu ya leso. Sasa vifunike vifuu chini kimoja kimoja, vikiwa mstari, cha siri kikae katikati. Kila kifuu kigeuzwe kwa mwendo ule ule, si kwa haraka wala kwa uangalifu wa kutia shaka. Kigololi kitabaki ndani, chini ya kifuu cha kati, na hakuna anayejua.

Weka kigololi kimoja juu ya tako la kifuu cha kati. Kifunike kwa vifuu viwili vilivyobaki, kimoja juu ya kingine. Gonga. Inua vyote vitatu pamoja: kigololi kipo chini, juu ya leso! Watu wataapa kimepenya. Kumbe cha juu kimebaki kati ya vifuu, na kimekuwa ndicho mwenzio mpya wa siri. Geuza vifuu midomo juu, urudie: kifuu kile chenye siri kiwekwe juu ya kigololi kilicho lesoni, cha pili kiwekwe juu ya tako, funika, gonga, inua. Viwili. Rudia tena. Vitatu. Hakuna ujanja wa vidole hata mmoja. Ni mpangilio tu. Ndiyo maana nasema mchezo huu ni mwalimu mzuri wa anayeanza.

Maneno nayo yaufuate mto. Vifuu vitatu ni vijiji vitatu, vigololi ni wasafiri. Zamani, kabla ya daraja, wasafiri wa Lamu walivuka Tana kwa kivuko hapo Garsen, na wazee bado wana visa vya kungoja ng'ambo. Mto ukifurika, kama wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, au Novemba 2023, barabara hukatika kabisa. Waambie: hawa wasafiri wamechoka kungoja, wamevuka bila kivuko. Hapo hata wazee watacheka, maana wao ndio waliongoja. Ukiwa na lugha ya nyumbani, ya Kipokomo au ya Kiorma, itie maneno mawili matatu; kama huna, Kiswahili chatosha, ila kiwe kifupi. Anza kwa "Kitendawili!" na watu wote watajibu "Tega!" Umeshawakamata.

Mwisho wa mchezo ni ndimu. Umekaa umekunja miguu, umevaa kikoi, na pajani, ndani ya mkunjo wa kikoi, pana ndimu moja kubwa. Vigololi vyote vitatu vikiwa lesoni, sogeza mkono wa kulia wenye kifuu kuelekea kwako, kana kwamba unakiweka kando, huku mkono wa kushoto ukivionyesha vigololi na macho yako yakiwa huko. Vicheko vya kigololi cha tatu ndivyo vinavyokufunika. Ndimu iingie kifuuni, kifuu kirudi chini juu ya leso. Uliza: "Chini ya hiki pana wasafiri wangapi?" Wengine watasema mmoja, wengine hakuna. Inua. Ndimu. Usiseme neno. Mpe ndimu yule mtoto askari, simama, umemaliza.

Tafadhali uishie hapo. Watazamaji watasema ongeza, nawe utataka kuongeza. Lakini hakuna kitu ulichonacho kinachoshinda ile ndimu, na mchezo wa nne utakaofanywa kwa pupa utaufuta wa tatu. Pia usivutiwe na michezo ya visu, moto na risasi. Mmarekani William Robinson, aliyejiita Chung Ling Soo, alikuwa bingwa wa kudaka risasi jukwaani. Bunduki yake ya ujanja iliharibika na akapigwa risasi ya kweli mbele ya watazamaji jijini London, Machi 1918, akafa siku iliyofuata. Alikuwa na mafundi na vifaa. Wewe una vifuu.

NGOMA

Bila shaka utajiuliza: watu wa Mto Tana wenyewe hawakuwa na siri zao? Walikuwa nazo, na zilikuwa nzito kuliko ndimu. Wapokomo walikuwa na Ngadzi, ngoma takatifu iliyofichwa mahali pasipofikiwa na mtu wa kawaida. Wengi waliisikia ikinguruma, wachache sana waliiona. Jirani zao wa Mijikenda walikuwa na mwanza, ngoma ya kusugua, ambayo haipigwi bali hutoa mngurumo kama wa mnyama, nayo ilikuwa mali ya wazee wa kaya peke yao. Ngadzi ilichukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo ghalani British Museum, London. Wapokomo wamekuwa wakiidai.

Naitaja kwa heshima. Ngadzi haikuwa mazingaombwe. Ilikuwa utawala na ibada, na usiigize mngurumo wake katika mchezo wako ili kuwachekesha wajukuu wa walionyang'anywa. Lakini mwanafunzi wa kiini macho anaweza kujifunza kwayo kwamba kitu kinachosikika bila kuonekana kina nguvu kuliko kitu kilichowekwa mezani. Ule mlio wa njiti, "tik!", ndani ya hankachifu iliyofumbwa, unafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

UCHAWI

Sasa tufike penye uzito. Mjini, mtu akiona sarafu imepotea husema, "Jamaa ana mikono mepesi!" Kijijini wapo watakaosema hivyo, na yupo atakayenyamaza, akarudi nyumbani, na kesho asubuhi akaja mlangoni kwa nyanya yako kunong'ona: ng'ombe wake wawili wamepotea, je, yule kijana wa Nairobi hawezi kutazama? Au mtoto wake ana homa isiyoisha. Usishangae. Mtu aliyekuona ukiuunga mti uliovunjika ana haki ya kuuliza unaweza kuunga nini kingine.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi, jirani ya Tana River, wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mpaka huko Ganze kukawa na kituo cha Kaya Godoma cha kuwahifadhi wanaokimbia. Wewe utapanda basi Januari urudi chuoni. Nyanya yako atabaki. Kijiji kikishaamua kwamba nyumba hiyo ina "mambo", jina hilo litamkalia nani?

Kwa hivyo onyesho lako linaanza kabla ya mkeka kutandikwa. Mweleze mzee wa kijiji unataka kufanya nini, na imamu au mchungaji pia. Waislamu wanaoujua uharamu wa sihiri wana sababu ya kuuliza, na jibu lako liwe kuwaonyesha mchezo mmoja pembeni, pamoja na siri yake. Usijiite profesa wala daktari. Usitaje majini, usichome ubani, usiseme maneno yasiyoeleweka. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamtia hatiani mtu anayejifanya ana nguvu zisizo za kawaida ili kuwatia watu hofu. Wewe huna haja ya kuikaribia hata kivuli chake. Sema mwanzoni, kwa sauti: "Huu ni mchezo wa mikono. Nimejifunza miezi miwili, na mtoto yeyote hapa anaweza kujifunza."

Wageni wa zamani hawakufanya hivyo. Mskoti Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alijifanya mganga mkubwa kwa kung'oa meno yake ya bandia mbele ya watu na kuyarudisha, na kwa kuchemsha maji kwa chumvi ya tumbo ya Eno's. Aliyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1885, akijisifu. Mfaransa Robert-Houdin alitumwa na serikali yake Algeria mwaka 1856 akiwa na sanduku ambalo mtoto aliliinua na mwanamume mwenye nguvu akashindwa; chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Nia ilikuwa kuwashawishi wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinawazidi viongozi wao wa dini. Huo ndio ujanja ule ule wa mikono, ila umeajiriwa kazi chafu.

Mwenzao mmoja alifanya kinyume. Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu cha kuwatetea watu walioshtakiwa uchawi nchini mwake. Ndani yake alieleza, moja baada ya nyingine, siri za sarafu, za vigololi, za visu vya uongo, ili mahakimu waone kwamba mambo ya ajabu yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mazoezi. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mazingaombwe kwa Kiingereza, na aliyekiandika alitaka kuokoa shingo za watu.

Wanamazingaombwe watanipinga hapa. Kwao kanuni ya kwanza ni kutofichua, na Seneca mwenyewe alikubali kwamba ukishamwonyesha mtu jinsi kinavyofanyika, utamu umekwisha. Ni kweli kabisa. Hata hivyo, naona bora kupoteza utamu wa mchezo mmoja. Ufichue wa njiti. Baada ya makofi ya ndimu, watu wakiwa bado wamekaa, mwite yule aliyevunja njiti, mpe ile hankachifu, mwambie apapase upindo. Aitoe njiti iliyovunjika kwa mkono wake, awaonyeshe wote. Utasikia kicheko cha namna nyingine kabisa. Vifuu na sarafu vibakie siri yako, maana watu wakishajua kwamba mmoja ni ujanja, wanajua na vingine ni ujanja, ila hawajui vipi. Hapo ndipo penye raha.

Tena kuna faida kwako wewe wa mjini. Aliyeelewa mchezo wa vifuu hataliwa nauli yake kwenye pata potea stendi ya basi, kwa maana atajua kwamba karata inayofuatwa na macho yake siyo karata iliyopo, na kwamba yule "abiria" aliyeshinda shilingi 500 sasa hivi ni ndugu wa mwenye karata. Hali kadhalika wale wa kuosha noti nyeusi zigeuke dola. Wanatumia hankachifu yenye upindo, basi tu.

Kuhusu yule mwenye ng'ombe waliopotea: mkaribishe, mpe chai, mwambie huwezi. Ukitaka kumsaidia, chukua simu yako, uliza ndugu zako wa Minjila, wa Gamba, wa Tarasaa, kama kuna mtu ameona ng'ombe wawili. Kisha mfundishe ule mchezo wa njiti, akawafanyie wanawe.

Na vitu vya safari visikulemee. Vifuu vitatu vikipachikwa vinaenea kwenye kofia. Vigololi vinne, ongeza viwili vya akiba kwa sababu kuku wa nyanya huvidhania mahindi. Hankachifu mbili, kibiriti, sarafu mbili za ndovu, leso. Ndimu usibebe kutoka Mombasa. Nunua sokoni Garsen asubuhi ya onyesho, na usimwambie muuzaji ni ya nini.